Goti, Kifundo na Mwisho wa Mstari: Historia ya Kupima Nishati ya Mionzi ya Kosmiki

Utangulizi

Makala haya yanahusu historia ya kipimo kimoja tu, nacho ni kipimo cha nishati ya mionzi ya kosmiki yenye nguvu kupita yote. Mionzi hiyo ni chembe ndogo mno, yaani protoni na viini vya atomu, ambazo huingia katika hewa ya dunia kutoka anga za mbali. Wanafizikia huhesabu chembe hizo, hukadiria nishati ya kila moja, kisha huchora mstari unaoonyesha ni chembe ngapi hufika kwa kila kiwango cha nishati. Mstari huo ndio uitwao spektra ya nishati. Kuhesabu si kazi ngumu sana. Ugumu umo katika kukadiria nishati, maana chembe yenyewe haimfikii mpimaji: hufa juu angani, kilomita nyingi kutoka ardhini, na kinachopimwa ni mabaki yake.

Kwa miaka ipatayo kumi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwaka wa 2008, swali la kama mstari huo una mwisho au hauna liliwagawa watafiti waliofanya kazi Japani na wale waliofanya kazi Marekani. Ubishi huo ulielezwa kuwa ni ubishi juu ya maumbile ya ulimwengu. Hoja ya makala haya ni kwamba, kwa sehemu kubwa, ulikuwa ubishi juu ya mizani, na kwamba ulitulia pale tu watu walipoweka mizani mbili za aina tofauti juu ya mzigo mmoja.

Majina yaliyotangulia ufahamu

Yafaa kwanza kutazama majina, kwa kuwa historia ya elimu hii imejificha ndani yake. Neno "mionzi" lilichaguliwa wakati ambapo wengi walidhani kwamba kinachoshuka kutoka juu ni aina ya mwanga. Mmarekani Robert Millikan, aliyeeneza jina la mionzi ya kosmiki mnamo mwaka wa 1925, aliamini hivyo, akabishana kwa miaka kadhaa na Arthur Compton, ambaye vipimo vyake vya miaka ya 1930 vilionyesha kuwa ni chembe zenye chaji ya umeme. Compton alishinda hoja, lakini jina la Millikan likabaki. Kiswahili nacho kimerithi kosa hilo bila hatia yoyote, kama kilivyorithi "atomu", neno ambalo kwa Kigiriki lina maana ya kitu kisichogawanyika.

Chembe ya kosmiki inapogonga hewa huvunja viini vya atomu za hewa, vipande vyake navyo huvunja vingine, hata mabilioni ya chembe zikafika ardhini karibu kwa mara moja. Tukio hilo limepewa jina kwa kila lugha kulingana na jicho la waliolitazama. Waitaliano waliliita "sciame", yaani kundi la nyuki warukao pamoja. Wafaransa wakaliita "gerbe", mganda wa ngano uliofungwa katikati na kutanuka kichwani. Wajerumani na Waingereza walichukua neno la mvua ipitayo. Hapa litatumika neno "manyunyu", ingawa hapana budi kukiri kwamba mganda wa Wafaransa unalieleza umbo lenyewe vizuri zaidi. Ubora wa manyunyu ni kwamba neno hilo linaonyesha shida ya mpimaji: yeye yuko chini, ameloa hapa na pale, naye anatakiwa aseme wingu lilikuwa na maji kiasi gani.

Spektra nayo ina majina ya viungo vya mwili. Mstari ukichorwa kwa namna ya kawaida ya wataalamu, hushuka kwa mteremko mkali kutoka kushoto kwenda kulia. Mahali fulani mteremko huzidi ukali, na hapo pameitwa goti. Mbele zaidi hupungua ukali, na hapo pameitwa kifundo cha mguu. Waingereza na Wafaransa hulazimika kutenganisha mguu wa juu na wayo, kwa kuwa lugha zao zina maneno mawili. Msemaji wa Kiswahili hana tabu hiyo: tangu nyonga hadi vidole ni mguu mmoja, na mstari huu ni mguu mmoja pia.

Kutoka Asmara hadi Volcano Ranch

Mwanzo wa habari unajulikana sana. Tarehe 7 Agosti 1912 Victor Hess, raia wa Austria, alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000 akiwa na vipimio vya umeme wa hewa, akaona kwamba mionzi, badala ya kupungua kadiri alivyoiacha ardhi, iliongezeka. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936. Hess hakupima nishati ya chembe moja moja. Alithibitisha tu kwamba kitu kinatoka juu.

Dalili ya kwanza ya manyunyu makubwa ilionekana katika ardhi ya Afrika, jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Mwaka wa 1933 Mwitaliano Bruno Rossi alikwenda Asmara, katika nyanda za juu za Eritrea, kuchunguza kama chembe zinakuja zaidi kutoka magharibi kuliko mashariki. Vigunduzi vyake viliwekwa mbalimbali, na mara kwa mara vililia kwa wakati mmoja kuliko ilivyotarajiwa kwa bahati tu. Rossi aliandika kwamba huenda makundi mapana ya chembe hushuka pamoja, akashindwa kuendelea na uchunguzi huo. Miaka mitano baadaye, mwaka wa 1938, Pierre Auger na wenzake walitumia saketi za umeme za Roland Maze, zilizoweza kutofautisha nyakati fupi sana, wakatenganisha vigunduzi vyao, kwanza Paris kisha katika milima ya Jungfraujoch huko Uswisi, hadi umbali wa mita 300. Viliendelea kulia pamoja. Kutokana na upana huo Auger alikadiria kwamba chembe mama ilikuwa na nishati ya elektronivolti 10¹⁵, yaani moja yenye sifuri 15 nyuma yake. Elektronivolti ni nishati ambayo elektroni moja huipata ikivuka tofauti ya volti moja. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amefikiria chembe yenye nishati inayokaribia kiwango hicho.

Tangu siku hiyo kanuni ya kazi haikubadilika: tandaza vigunduzi juu ya eneo kubwa, subiri, hesabu. Kilichobadilika ni ukubwa wa eneo, na sababu yake ni hesabu yenyewe. Karibu na goti, katika elektronivolti 3 × 10¹⁵ hivi, chembe kadhaa hupita katika mita moja ya mraba kwa mwaka. Karibu na kifundo hupatikana moja hivi kwa kilomita ya mraba kwa mwaka. Katika 10²⁰ ni moja kwa kilomita ya mraba kwa karne nzima. Mtu mwenye shamba dogo angekufa kabla ya kuvuna.

Goti liligunduliwa na Kulikov na Khristiansen wa Chuo Kikuu cha Moscow mwaka wa 1958. Baada yao alikuja John Linsley, aliyeanza pamoja na Livio Scarsi kutandaza vigunduzi 19 katika jangwa la New Mexico, mahali paitwapo Volcano Ranch, juu ya kilomita za mraba zipatazo 8. Mwaka wa 1962 vigunduzi hivyo vilipokea manyunyu ambayo Linsley aliyakadiria kuwa ya 10²⁰, na mwaka uliofuata akatangaza. Ni yeye pia aliyeona mapema kwamba mstari hulegea katika sehemu ya kifundo.

Tangazo hilo lilikuja kabla ya wakati wake. Mwaka wa 1965 Penzias na Wilson waligundua kwamba ulimwengu wote umejaa mwanga hafifu wa mawimbi mafupi, mabaki ya joto la kale. Mwaka wa 1966 Kenneth Greisen huko Marekani, na Georgiy Zatsepin pamoja na Vadim Kuzmin katika Muungano wa Kisovyeti, waliona kila upande kwa njia yake matokeo ya ugunduzi huo. Protoni yenye nishati inayozidi 5 × 10¹⁹ hivi haiwezi kusafiri bure. Kila mara inapokutana na fotoni za mwanga huo hulipa ushuru kwa kuzaa chembe nyingine. Msafiri anayetoka zaidi ya miaka-nuru milioni 300 hufika akiwa ameshanyang'anywa ziada yake yote. Kwa hiyo mstari ungepaswa kukatika. Greisen aliweka alama ya kuuliza katika kichwa cha makala yake, na alama hiyo ilidumu kwa miaka zaidi ya 40.

Namna mbili za kupima

Njia ya kwanza ya kukadiria nishati ni ya ardhini. Chembe zilizofika huhesabiwa katika vigunduzi, kisha huulizwa: manyunyu yenye msongamano huu wa chembe yalizaliwa na nishati gani? Michael Hillas wa Leeds, mmoja wa wataalamu wa uwanja wa Haverah Park nchini Uingereza, alionyesha kwamba ni heri kutazama msongamano katika umbali maalumu kutoka katikati ya manyunyu, mita 500 au 600, kwa kuwa hapo haubadiliki ovyo kutoka tukio moja hadi lingine. Ushauri huo ni wa busara. Hata hivyo, jibu la swali halitoki uwanjani. Hutoka katika hesabu za mashine zinazoiga jinsi chembe zinavyogongana, na migongano ya nishati hiyo haijapata kufanywa katika maabara yoyote. Anayetumia njia hii hupima kwa rula aliyoazimwa na nadharia.

Njia ya pili ni ya angani. Manyunyu yanapopita, naitrojeni ya hewa hutoa mwanga dhaifu wa rangi isiyoonekana kwa macho ya binadamu, na kiasi cha mwanga hulingana na nishati iliyomwagwa njiani. Mwenye darubini zinazotazama mwanga huo huona manyunyu yakikua na kufifia, naye hujumlisha. Uzuri wa njia hii ni kwamba hewa yenyewe imekuwa chombo cha kupimia. Ubaya wake ni kwamba hufanya kazi usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, yaani sehemu ya kumi hivi ya muda wote, tena vumbi kidogo tu angani hupunguza mwanga na kudanganya hesabu. Chuo Kikuu cha Utah kiliikuza njia hiyo kwa chombo kilichoitwa Fly's Eye, na tarehe 15 Oktoba 1991 chombo hicho kiliona tukio la 3.2 × 10²⁰. Nishati hiyo ni sawa na ya jiwe la kilo moja linaloanguka kutoka mita 5, nayo ilibebwa na chembe moja.

Kila kambi, basi, ilikuwa na udhaifu ambao kambi nyingine ilikuwa tayari kuutaja.

Ubishi wa mwisho wa mstari

Wajapani walijenga AGASA huko Akeno, vigunduzi 111 vya ardhini juu ya kilomita za mraba 100, vikafanya kazi tangu 1990 hadi 2004. Mwaka wa 1998 walitangaza kwamba spektra yao inaendelea mbele ya ukomo wa Greisen na wenzake bila kuonyesha dalili ya kukatika. Baadaye walifikisha matukio 11 yaliyozidi 10²⁰, ilhali kwa mujibu wa nadharia yangetarajiwa mawili hivi. Watu wa Utah, kwa chombo chao kipya cha HiRes kilichoanza mwaka wa 1997, waliona kinyume: mstari ulianguka pale pale ulipotabiriwa.

Si vigumu kuelewa kwa nini jambo hilo liliwasisimua wananadharia. Kama AGASA walikuwa sahihi, basi ama chembe hizo zilizaliwa karibu, pengine kutokana na kuoza kwa maada nzito isiyojulikana iliyozunguka galaksi yetu, ama kanuni yenyewe ya ushuru ilikuwa na kasoro. Sidney Coleman na Sheldon Glashow waliandika mwaka wa 1999 kwamba huenda nadharia ya uhusianifu ya Einstein haishiki kikamilifu katika nishati hizo. Makala za namna hiyo ziliandikwa nyingi. Ni chache mno zilizouliza swali la mwenye duka: mizani imekaguliwa?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Spektra hushuka kwa kasi, na idadi ya chembe zinazozidi nishati fulani hupungua takriban kwa mraba wa nishati hiyo. Nishati ikiongezwa mara mbili, idadi hubaki robo. Kwa hiyo mpimaji ambaye rula yake inazidisha kwa asilimia 30 ataona karibu asilimia 70 ya matukio zaidi ya yale yaliyopo, bila kuhesabu vibaya hata tukio moja. Matukio ya chini, yaliyo mengi, hupandishwa ngazi na kuingia katika chumba cha wachache. Zaidi ya hayo, wataalamu wana desturi ya kuzidisha idadi kwa nishati iliyopandishwa kipeo cha tatu, ili mstari ulale na mabadiliko madogo yaonekane. Kwa desturi hiyo kosa la rula nalo hukuzwa, likavaa sura ya ugunduzi.

Mwaka wa 2003 Daniel De Marco, Pasquale Blasi na Angela Olinto walifanya jaribio jepesi la hesabu. Walishusha nishati zote za AGASA kwa asilimia 15, wakapandisha za HiRes kwa asilimia 15. Mistari miwili ikakaribiana sana, na tofauti iliyobaki pale juu ikawa ndogo kiasi cha kutoweza kuzaa hukumu kwa matukio machache kama yale. Asilimia hizo hazikuwa matusi kwa yeyote. Zilikuwa ndani ya mipaka ya shaka ambayo kambi zenyewe zilikuwa zimekiri. Makala hayo hayakusema nani amekosea. Yalisema kwamba hakuna aliyekuwa na haki ya kusema.

Mizani mbili, mzigo mmoja

Tangu mwaka wa 1992 James Cronin wa Chicago, mwenye Tuzo ya Nobel ya 1980, na Alan Watson wa Leeds walikuwa wakizunguka nchi mbalimbali kutafuta fedha na washiriki wa uwanja mkubwa kuliko wowote. Ulijengwa karibu na mji mdogo wa Malargüe, katika jimbo la Mendoza nchini Argentina, ukapewa jina la Pierre Auger. Matangi yapatayo 1,600, kila moja na lita 12,000 za maji safi, yametandazwa kwa umbali wa kilomita moja na nusu kati yake, juu ya kilomita za mraba 3,000 za nyika, yakipata umeme kutoka kwa jua. Chembe ikipita majini hutoa mwanga, na macho matatu ya umeme ndani ya tangi huusoma. Hayo ni urithi wa Haverah Park. Pembeni mwa uwanja, mahali panne, zimewekwa darubini zinazotazama anga juu ya matangi hayo hayo. Huo ni urithi wa Utah.

Katika ndoa hiyo ndipo ilipo hatua kubwa ya historia hii, kuliko katika ukubwa wa eneo. Usiku mzuri, tukio moja huonekana kwa darubini na kwa matangi pamoja. Darubini husema nishati. Matangi husema msongamano wa chembe mita 1,000 kutoka katikati. Matukio ya namna hiyo yakikusanywa, zaidi ya 3,000 kufikia hesabu ya mwaka wa 2020, hupatikana kanuni ya kugeuza msongamano kuwa nishati, kanuni iliyotoka uwanjani badala ya kutoka katika mashine ya kuiga. Kisha matangi, yasiyolala usiku wala mchana, hubeba kanuni hiyo na kupima yaliyosalia peke yake. Nadharia haikufukuzwa kabisa: sehemu ya nishati huondoka na muoni na nyutrino bila kutoa mwanga, nayo lazima ikadiriwe. Hata hivyo shaka nzima ya mizani imeshuka hadi asilimia 14, na sehemu yake kubwa inajulikana inatoka wapi.

Mwaka wa 2008 HiRes na Auger walitangaza kila mmoja kwa upande wake kwamba spektra inakatika. Auger walikuwa na matukio 20,000 hivi, na anguko lilianzia karibu na 4 × 10¹⁹. Alama ya kuuliza ya Greisen ingeweza kufutwa. Jambo la kupendeza, ambalo halisemwi vya kutosha, ni kwamba wakati huo kambi za AGASA na HiRes zilikuwa zimekwisha kuungana. Mwaka huo huo wa 2008 uwanja wao wa pamoja, Telescope Array, ulianza kazi Utah ukiwa na vigunduzi 507 juu ya kilomita za mraba 700, pamoja na darubini. Waliokuwa wakipingana juu ya rula walikwenda jangwani kuchonga rula moja.

Yaliyobaki wazi

Mwisho umeonekana, lakini sababu yake si ile iliyotarajiwa kwa urahisi hivyo. Vipimo vya Auger vinaonyesha kwamba kadiri nishati inavyopanda juu ya kifundo, chembe huwa nzito zaidi, viini badala ya protoni tupu. Ikiwa ni hivyo, huenda mstari hukatika kwa sehemu kwa sababu vyanzo vyenyewe vimeishiwa nguvu, wala si kwa sababu ya ushuru wa njiani peke yake. Mwaka wa 2020, kwa matukio 215,030 yaliyozidi 2.5 × 10¹⁸, Auger walionyesha pia pindo jingine karibu na 1.3 × 10¹⁹, kati ya kifundo na anguko. Wameliita kwa jina la mgongo wa mguu, ile sehemu ya juu ya wayo. Mwili umezidi kukamilika.

Ubishi wa mizani nao haujazikwa. Spektra ya Telescope Array na ile ya Auger hutofautiana kwa asilimia 9 hivi ya nishati. Kamati ya pamoja ya timu hizo mbili hushusha moja kwa asilimia 4.5 na kupandisha nyingine kwa kiasi hicho hicho, na mistari hulingana vizuri katika sehemu ya kifundo. Juu ya 3 × 10¹⁹ hutengana tena, kaskazini mstari ukianguka baadaye kuliko kusini. Inawezekana anga mbili hazifanani. Inawezekana pia kwamba rula moja hupinda kidogo kadiri inavyorefuka. Kamati hulinganisha sehemu ya anga inayoonekana na pande zote mbili, na huko Argentina juu ya matangi kumewekwa vigunduzi vya aina nyingine ili kutenganisha muoni na elektroni katika kila manyunyu.

Tarehe 27 Mei 2021 vigunduzi 23 vya Utah vilipokea chembe iliyopewa jina la Amaterasu, mungu wa jua katika imani za Wajapani. Tukio hilo lilitangazwa mwezi wa Novemba 2023 kwa nishati ya 2.44 × 10²⁰. Pembeni mwa tarakimu hiyo, kwa maandishi ya ukubwa ule ule, waliandika shaka ya kipimo, 0.29 juu na chini, na baada yake shaka ya mizani: 0.51 juu, 0.76 chini.